Plastiki Ndogo katika Matope ya Vijito vya Ukkel: Jinsi Majira Yanavyozihifadhi na Kuzisafirisha

Manispaa ya Ukkel, ambayo kwa Kifaransa huitwa Uccle, iko upande wa kusini wa Jiji la Brussels, kwenye miteremko inayoshuka kuelekea bonde la mto Senne. Vijito kadhaa hupita humo: Geleytsbeek, Ukkelbeek, Linkebeek na Verrewinkelbeek. Baadhi ya sehemu zake zimefunikwa na kupitishwa chini ya ardhi, na sehemu nyingine bado ziko wazi kando ya njia za miguu, bustani na hifadhi ndogo za mazingira kama Kinsendael. Maji ya vijito hivi huingia katika Senne, mto ambao hukutana na Dyle, kisha Rupel, kisha Escaut, hadi Bahari ya Kaskazini.

Mtu anayetazama maji ya kijito huona kile kinachoelea: chupa, mfuko, kipande cha povu la plastiki. Sehemu kubwa ya uchafu wa plastiki haionekani hivyo. Imevunjika ikawa chembe ndogo, ikazama, ikachanganyika na mchanga, udongo na majani yaliyooza chini ya maji. Tabaka hilo huitwa mashapo. Kijikaratasi hiki kinaeleza namna chembe hizo zinavyofika katika mashapo, kwa nini majira ya mwaka hubadilisha wingi wake, zina uhusiano gani na afya, na ni hatua zipi ambazo kaya inaweza kuzichukua.

Mikroplastiki ni nini?

Mikroplastiki ni vipande vya plastiki vyenye ukubwa usiozidi milimita 5. Jina hilo lilienea baada ya makala ya kisayansi ya mwaka 2004 iliyoongozwa na Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza. Chembe nyingine hutengenezwa zikiwa ndogo tangu kiwandani, kama vumbi la kumetameta linalotumika katika mapambo. Nyingi zaidi hutokana na kuchakaa kwa vitu vikubwa:

- nyuzi zinazong'oka kwenye nguo za poliesta, akriliki na nailoni wakati wa kufua;
- vumbi la matairi linalosagika barabarani, hasa pale magari yanapofunga breki na kukata kona;
- vipande vya mifuko, vifungashio na povu vilivyokaushwa na jua na kukanyagwa;
- vichungi vya sigara, ambavyo si pamba bali ni nyuzi za plastiki ya aseteti;
- punje za mpira zinazotandazwa katika viwanja vya nyasi bandia na kubebwa na viatu vya wachezaji;
- rangi za kuta, mbao na alama za barabarani zinazobanduka.

Kwa nini plastiki huzama?

Wengi huamini kwamba plastiki yote huelea. Ni kweli kwa baadhi ya aina, kama zile za mifuko na vifuniko vya chupa, maana ni nyepesi kuliko maji. Lakini plastiki ya chupa za vinywaji, ile ya mabomba na vumbi la matairi ni nzito kuliko maji, nazo huzama zenyewe. Hata chembe nyepesi hazikai juu daima. Baada ya siku kadhaa utando wa vijidudu na mwani huota juu yake, chembe za udongo hunata hapo, na uzito huongezeka hadi chembe ikashuka.

Mahali pa kushukia huamuliwa na kasi ya maji. Maji yaendayo mbio hubeba mchanga na plastiki pamoja. Yanapopunguza mwendo, katika kona ya ndani, nyuma ya jiwe, kwenye dimbwi au mbele ya kizuizi, hutua mzigo wake. Bonde la Geleytsbeek lina kumbukumbu ya jambo hilo: kinu cha zamani cha maji cha Neckersgat bado kimesimama kando yake. Kila bwawa lililochimbwa ili kukusanya maji ya kuzungushia gurudumu la kinu lilikusanya pia matope, na wenye vinu walilazimika kuyachota mara kwa mara. Leo mabwawa na sehemu tulivu za vijito hufanya kazi ileile, ila mzigo una kitu ambacho wasaga unga wa kale hawakukijua.

Majira manne, mienendo minne

Wasomaji waliokulia Afrika Mashariki au Kongo ya Mashariki wanajua vyema mvua inavyobadilisha mto. Katika miji kama Dar es Salaam, Mto Msimbazi huwa mwembamba wakati wa kiangazi na kufurika wakati wa masika, ukisomba kila kilichorundikana bondeni. Bukavu, mvua hushusha taka kutoka vilimani hadi Ziwa Kivu, kisha maji ya ziwa huzipeleka kwenye mto Ruzizi, ambako plastiki imeziba mara nyingi mitambo ya kuzalisha umeme ya Ruzizi I.

Ukkel haina masika wala vuli. Taasisi ya Kifalme ya Hali ya Hewa ya Ubelgiji, ambayo makao yake yako Ukkel kwenyewe, huonyesha kuwa wastani wa mvua kati ya mwaka 1991 na 2020 ulikuwa takriban milimita 837 kwa mwaka, zikinyesha katika miezi yote kumi na miwili. Hata hivyo mvua ya kiasi kilekile haina matokeo yaleyale katika kila majira.

*Majira ya machipuko.* Aprili kwa kawaida huwa na mvua chache kuliko miezi mingine. Miti huanza kunywa maji ya ardhini, na mtiririko wa vijito hupungua. Chembe zilizokuwa zikielea ndani ya maji hupata nafasi ya kutua. Mashapo huanza kujaa upya.

*Majira ya joto.* Kwa wiki nyingi maji huwa kidogo na ya polepole, na uwekaji wa mashapo huendelea. Barabarani na kwenye mapaa, vumbi la matairi na vipande vya taka hujikusanya bila kuoshwa. Kisha huja dhoruba ya radi: mvua nyingi ndani ya saa moja, juu ya ardhi kavu na lami isiyonyonya maji. Dakika za kwanza za mvua hiyo ndizo chafu kuliko zote, kwa kuwa huosha akiba ya wiki kadhaa kwa mkupuo mmoja.

*Majira ya kupukutika majani.* Majani huziba vyuma vya mifereji ya barabara na kuunda vizuizi vidogo ndani ya vijito. Plastiki hunaswa katika marundo hayo. Majani yanapooza, huzama pamoja nayo, na wadudu wa majini wanaoyala majani hayo humeza pia nyuzi na chembe.

*Majira ya baridi.* Ardhi imeshiba maji, jua ni dhaifu, na mimea imelala. Mvua ya kawaida, hata isiyo kali, huingia moja kwa moja kwenye vijito. Maji hupanda na kwenda kasi kwa siku nyingi mfululizo. Mashapo yaliyotulia tangu Aprili hutifuliwa, na sehemu ya plastiki iliyokuwamo husafiri kuelekea Senne na bahari. Wakati huohuo, kaya hufua sweta na makoti ya poliesta kwa wingi zaidi.

Kwa ufupi, chini ya kijito ni kama ghala. Majira ya maji madogo hulijaza, na majira ya maji makubwa hulifungua.

Mafuriko yanaweza kuondoa kiasi gani?

Jibu lililo wazi limetoka Uingereza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester walichukua mashapo katika vituo 40 vya mito 10 kuzunguka jiji hilo, kabla na baada ya mafuriko makubwa ya majira ya baridi ya mwaka 2015 na 2016. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2018. Katika sehemu moja ya mto Tame walikuwa wamehesabu hadi chembe 517,000 katika kila mita ya mraba. Baada ya mafuriko, takriban asilimia 70 ya plastiki iliyokuwa katika mashapo ya mito hiyo ilikuwa imesombwa.

Habari hiyo ina pande mbili. Upande mmoja, mto unaweza kujisafisha haraka kuliko ilivyodhaniwa, mradi usiongezewe uchafu. Upande wa pili, plastiki hiyo haikutoweka. Ilipelekwa kwa watu na viumbe walio mbele ya mto. Ghala likishafunguliwa hakuna mtambo unaoweza kuikusanya tena. Kwa hiyo wakati wa kuzuia ni kabla ya mvua, na mahali pa kuzuia ni juu kabisa ya bonde: nyumbani, barabarani na uani.

Mifereji ya majitaka na siku ya dhoruba

Katika sehemu kubwa ya Brussels, maji ya mvua kutoka mapaa na barabara huingia katika bomba lilelile linalopokea maji ya vyoo, majiko na mashine za kufulia. Siku za kawaida maji hayo yote huenda kwenye mitambo ya kusafisha majitaka. Jiji lina mitambo miwili: wa kusini, uliofunguliwa mwaka 2000, na wa kaskazini, uliofunguliwa mwaka 2007. Kabla ya hapo majitaka ya mji mkuu wa Ubelgiji yalimwagwa katika Senne bila kusafishwa. Mitambo ya aina hii inaweza kuondoa zaidi ya asilimia 90 ya mikroplastiki, kama Shirika la Afya Duniani lilivyoeleza katika ripoti yake ya mwaka 2019.

Wakati wa dhoruba mabomba hujaa. Mabwawa ya chini ya ardhi hupokea sehemu ya maji na kuyashikilia hadi mvua ipite. Yakijaa nayo, maji ya ziada hufunguliwa yaingie mtoni ili yasirudi ndani ya nyumba za watu. Maji hayo hubeba mvua, majitaka, vijidudu na plastiki kwa pamoja. Ndiyo maana kitambaa cha kufutia mtoto kilichotupwa chooni siku ya jua kinaweza kuishia katika mtambo, na kilekile kikitupwa siku ya dhoruba kinaweza kuishia kijitoni, kikachanika na kugeuka nyuzi katika mashapo.

Je, afya ya wakazi iko hatarini?

*Maji ya bomba.* Maji ya kunywa ya Brussels hayatoki katika vijito vya Ukkel wala katika Senne. Hutoka hasa Wallonia, kwenye chemchemi na visima vya ardhini na katika mto Meuse kwenye kituo cha Tailfer, na husafishwa na kupimwa kabla ya kusambazwa. Hakuna sababu ya kununua maji ya chupa kwa kuogopa mashapo ya vijito.

*Mikroplastiki mwilini.* Shirika la Afya Duniani, katika ripoti zake za mwaka 2019 na 2022, lilieleza kwamba chembe zinazozidi mikromita 150 hazielekei kufyonzwa na mwili, bali hutoka kwa njia ya kawaida. Kuhusu chembe ndogo zaidi, shirika hilo lilisema ushahidi uliopo haujatosha kupima hatari yake kwa binadamu, na likahimiza kupunguza plastiki katika mazingira bila kusubiri. Huo ni ushauri wa tahadhari; haupaswi kusomwa kama tangazo la maafa.

*Samaki na chaza.* Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulichunguza sangara na sato walionunuliwa Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, ukathibitisha plastiki katika utumbo wa samaki mmoja kati ya kila watano. Chembe nyingi hukaa katika utumbo, hivyo samaki aliyepasuliwa na kusafishwa vizuri hupunguza sana kiasi kinacholiwa. Kome huliwa pamoja na utumbo wake. Mwaka huohuo Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula ilikadiria kuwa sahani ya kome ya gramu 225 inaweza kuwa na hadi mikrogramu 7 za plastiki, kiasi kidogo sana. Samaki na kome wa dukani wanaweza kuendelea kuliwa. Samaki aliyevuliwa katika kijito cha mjini asiliwe.

*Matope baada ya mvua.* Hatari iliyo karibu zaidi haitokani na plastiki, bali na vijidudu vya majitaka na mkojo wa panya vinavyofika kijitoni pamoja nayo. Kwa hiyo:

- watoto wasicheze ndani ya maji wala kwenye matope ya kijito wakati wa mvua kubwa na kwa siku mbili au tatu baada yake;
- mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kugusa maji au matope, na kidonda kifunikwe;
- mboga za bustani zisimwagiliwe kwa maji ya kijito, na matope yaliyochotwa humo yasitumike kama mbolea;
- mtu anayepata homa, maumivu ya misuli au kuharisha baada ya kugusa maji hayo amweleze daktari kwamba aliyagusa.

Hatua za nyumbani zenye manufaa

*Chooni.* Vitu vitatu tu ndivyo vinavyopaswa kuingia chooni: mkojo, kinyesi na karatasi ya choo. Vitambaa vya kufutia vyenye unyevu, pedi, nepi, kondomu na vijiti vya masikio viwekwe katika mfuko mweupe wa taka. Tangu Julai 2021 sheria ya Umoja wa Ulaya inataka vifungashio vya vitambaa na pedi zenye plastiki viwe na alama ya kobe wa majini, kuonyesha kwamba vina plastiki na visitupwe chooni. Neno la biashara linalosema kitambaa kinaweza kutupwa chooni lisiaminiwe.

*Kufua.* Mashine ijazwe ipasavyo, kwa sababu nguo chache ndani ya maji mengi husuguana zaidi. Joto la nyuzi 30 na mzunguko mfupi hutosha kwa nguo nyingi. Manyoya yanayokusanyika katika kichungi cha mashine ya kukaushia yatupwe katika mfuko mweupe. Yasisuuzwe katika sinki. Nguo idumu miaka mingi kadiri iwezekanavyo, kwa kuwa nguo mpya ya poliesta humwaga nyuzi nyingi zaidi katika mafuo yake ya mwanzo.

*Siku ya dhoruba.* Tahadhari ya mvua kubwa inapotolewa, ni vyema kuahirisha kufua, kuoga katika beseni kubwa na kuwasha mashine ya vyombo hadi mvua ipite. Kila ndoo ya maji isiyoingia bombani saa hiyo ni nafasi iliyobaki kwa mvua. Pipa la kukingia maji ya paa husaidia kwa njia hiyohiyo, na maji yake yanafaa kwa maua.

*Taka.* Vifungashio vya plastiki, makopo na maboksi ya vinywaji huwekwa katika mfuko wa bluu, karatasi katika wa njano, na mabaki ya chakula katika wa chungwa, ambao ni wa lazima Brussels tangu Mei 2023. Mifuko itolewe nje katika saa zilizopangwa kwa mtaa husika. Ukkel ina mbweha wengi, na mfuko wa taka ulioachwa nje mapema huchanwa usiku. Mvua ya asubuhi hupeleka vipande vyake mferejini. Mabaki ya chakula yatengwe na, inapowezekana, mfuko wa chungwa uwekwe ndani ya pipa gumu lenye kifuniko.

*Barabarani na uani.* Kichungi cha sigara kisitupwe kwenye chuma cha mfereji. Majani yaliyoziba mfereji mbele ya nyumba yaondolewe kabla ya mvua za majira ya baridi. Brashi za rangi zisisuuzwe katika mfereji wa barabarani. Mabaki ya rangi yapelekwe Recypark. Mchezaji anayetoka uwanja wa nyasi bandia akung'ute viatu vyake palepale uwanjani. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 itakomesha uuzaji wa punje za viwanja hivyo kuanzia Oktoba 2031. Hadi wakati huo kukung'uta viatu kunabaki kuwa kinga.

Mahali pa kutoa taarifa

Mfereji ulioziba au bomba la majitaka linalovuja litaarifiwe kwa Vivaqua, shirika linalosimamia maji na majitaka ya Brussels. Taka zilizotupwa ovyo zinaweza kuripotiwa kwa kutumia programu ya Fix My Street. Uchafuzi unaoonekana ndani ya kijito, kama povu, rangi isiyo ya kawaida au samaki waliokufa, utaarifiwe kwa Bruxelles Environnement, ambayo kwa Kiholanzi huitwa Leefmilieu Brussel. Mtoa taarifa aeleze mahali, saa, na kama mvua ilikuwa imenyesha. Maelezo hayo huwasaidia wahusika kujua chanzo.

Mvua ya Ukkel haiwezi kuzuiwa, na maji makubwa ya majira ya baridi yatakuja kila mwaka. Kinachoweza kubadilika ni kile ambacho maji hayo yatakikuta barabarani, mabombani na chini ya vijito.